Kabla ya Kuongeza Dozi: Utatuzi wa Matatizo kwa Mgonjwa wa Akili Asiyepata Nafuu

Bibi aliingia kliniki amemshika mjukuu wake mkono, kama anamvusha barabara. Shikamoo yangu aliiitikia huku macho yake yakiwa kwa kijana. “Daktari, huyu usiku halali. Anazunguka ua mzima mpaka alfajiri. Ukimwambia kaa, anakaa, mara huyo kainuka. Ila yale maneno yake ya kutisha hayasemi tena.” Ilikuwa siku ya kliniki ya afya ya akili katika kituo cha afya kimoja huku juu kwenye Uwanda wa Makonde, na benchi la nje limejaa. Nikasoma kadi, nikaona haloperidoli, dawa ya saikosisi (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo), miligramu 5 asubuhi na 5 jioni, nikaipandisha kuwa 10 kwa 10. Baada ya siku tisa kijana aliletwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya watu wawili, kamba mikononi, paji la uso limechubuka kwa kugonga ukuta.

Bibi alikuwa amenipa jibu lote, mimi nikasikia nusu. Maneno ya kutisha yalikuwa yamekwisha, yaani ugonjwa ulishaanza kurudi nyuma. Kilichobaki ni miguu isiyotulia, na miguu ile ilitokana na dawa niliyoiandika mwenyewe. Nilipoongeza dozi niliongeza maradhi.

Tangu siku ile siongezi dozi kabla ya kujiuliza kama tatizo lililo mbele yangu ni la ugonjwa, la dawa, la mwili, au la mfuko wa dawa uliopo nyumbani. Nayaandika haya kwa matabibu na wauguzi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, ambao kumfikisha mgonjwa hospitali ya Sokoine kule Lindi, Ligula kule Mtwara au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ni nauli ambayo familia nyingi hazina. Vichwa vya hapa chini ni malalamiko kama yanavyofika mezani, kwa maneno ya ndugu wa mgonjwa.

“Usiku hakai, anatembea tu”

Mweke kwenye kiti kigumu, umtazame miguu dakika mbili bila kuongea sana. Kisha msimamishe, mzungumze mambo ya kawaida dakika mbili nyingine. Mwenye akathisia, yaani kukosa utulivu wa miguu kunakoletwa na dawa, atavusha miguu, atasugua mapaja, atahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine, na ukimsimamisha atapigapiga hatua palepale alipo. Halafu muulize: “Ni mawazo yanayokuinua kitini, au ni miguu yenyewe?” Wengi hushukuru kwa swali hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Watakwambia ndani ya mifupa kuna kitu kinatambaa, na wanataka kutulia ila hawawezi.

Tazama tarehe. Akathisia huanza siku chache hadi wiki chache baada ya kuanza dawa au kuiongeza. Haloperidoli na flufenazini ya sindano ndizo zinazoileta zaidi, lakini metoklopramidi aliyopewa kwa kutapika nayo huileta, na fluoksetini ya sonona pia. Usiidharau, maana mtu aliyekoseshwa utulivu mchana na usiku huweza kujiua, na kila siku ya akathisia muulize jambo hilo waziwazi.

Dawa ya kwanza ni kupunguza dozi. Kijana mwenye saikosisi kwa mara ya kwanza huanzishwa haloperidoli miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku na kupandishwa taratibu. Mimi nilikuwa nimemfikisha 20, ambayo ndiyo ukomo wenyewe. Nikamrudisha 5 usiku, nikampa propranololi miligramu 20 mara mbili kwa siku baada ya kuhakikisha hana pumu na mapigo yake hayako chini. Wiki ileile akalala. Benzheksoli, ambayo wengi tunaiita Artane, haisaidii sana hapa, ingawa ndiyo mkono wetu hukimbilia.

Kama kutembea kunaambatana na maneno mengi, furaha au hasira iliyopitiliza, mipango ya kununua korosho za kijiji kizima, na hana habari kwamba hajalala siku tatu, huyo ni manyia na hapo kweli anahitaji tiba zaidi. Tofauti iko hapa: mwenye manyia hana haja ya usingizi, mwenye akathisia anautamani.

“Amechanganyikiwa tangu juzi”

Neno “tangu juzi” likushtue. Skizofrenia haiji kwa siku mbili kwa mzee wa miaka 60. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kunakopanda na kushuka ndani ya siku moja, ni deliriamu mpaka uthibitishe vingine, na deliriamu ni ugonjwa wa mwili unaojitokeza kichwani.

Kipimo ninachokipenda hakigharimu kitu. Mwambie akutajie siku za wiki kurudi nyuma kuanzia Ijumaa: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano. Asiyesoma naye anazijua, maana kwenda mnadani na kwenda msikitini havihitaji shule. Mwenye saikosisi atakwambia majirani wanamsikiliza kupitia mabati, lakini siku atazirudisha nyuma, labda kwa kuchoka kidogo. Mwenye deliriamu atafika Alhamisi, apotee, aanze kuzungumza na mtu asiyekuwepo. Mwenye kuona vitu kwa macho zaidi ya kusikia sauti naye atafutiwe chanzo cha mwilini kwanza.

Pima joto, sukari, shinikizo la damu, oksijeni, na malaria kwa kipimo cha haraka. Kunja shingo uone kama imekaza. Tazama kichwa kama kuna jeraha, na uliza kuhusu kuanguka, kwa mnazi au kwa bodaboda, hata wiki tatu nyuma, kwa sababu damu inayovuja polepole ndani ya fuvu la mzee huchukua muda kujionyesha. Bonyeza chini ya kitovu, kibofu kilichojaa kimewahi kumfanya mzee apige kelele usiku kucha na asiweze kusema kwa nini. Pima VVU na kaswende kwa kila saikosisi ya kwanza, bila kujali umri wala sura ya heshima ya mgonjwa. Kisha soma dawa zake zote: amitriptilini, benzheksoli na prometazini zikikutana kwa mzee mmoja zinatosha kumchanganya.

Nasisitiza jambo moja kuhusu malaria. Mikoa yetu ina malaria nyingi, na mtu anaweza kuwa na vimelea bila vimelea hivyo kuwa ndio chanzo cha kilichomleta. Kipimo chanya ni sababu ya kumtibu malaria. Si ruhusa ya kuacha kutafuta.

Kuna deliriamu moja ambayo wadi zetu huikosa kila mwaka. Msimu wa korosho mabibo hukamuliwa, uraka (pombe ya mabibo) huchacha, nipa (pombe kali yake) hupikwa, na wapo wanaokunywa kutwa bila mtu kuwaita walevi. Mmoja wao huvunjika mguu, akalazwa, akakatwa pombe bila mtu kujua. Siku ya pili anatetemeka na kutoka jasho. Pengine anapata degedege. Siku ya tatu anafukuza wadudu kwenye shuka na kumuita mtu aliyekufa. Muuguzi wa zamu anaandika “kichaa” na anaomba klopromazini. Klopromazini hurahisisha degedege kutokea na hushusha shinikizo, na chanzo haikitibu. Anachohitaji ni diazepamu: miligramu 10 mara nne kwa siku ni mwanzo wa kawaida, wenye deliriamu hasa huhitaji zaidi chini ya uangalizi, kisha unapunguza ndani ya siku 3 hadi 7. Angalia upumuaji, na mwenye ini bovu mpe kidogo. Thiamini (vitamini B1) itangulie glukosi, kila mara, kwa sababu glukosi ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa thiamini huweza kuuharibu ubongo. Kama macho yanacheza, anayumba na amechanganyikiwa, thiamini iende kwenye mshipa kwa dozi kubwa, si kidonge kimoja.

Kumgundua mapema ni swali la siku ya kulazwa tu. Usiulize “Wewe ni mlevi?” Uliza “Mwisho kunywa ilikuwa saa ngapi?”

Kama mwili umechunguzwa na siku za wiki zinarudi nyuma vizuri, basi ni saikosisi. Siku ya kwanza naandika “saikosisi, chanzo kinachunguzwa” na ninaishia hapo. Ili kusema skizofrenia, dalili zinapaswa kudumu mwezi mmoja au zaidi, na neno hilo likishaandikwa kwenye kadi hakuna anayelifuta. Ndugu wakisema ni bangi, sikiliza, lakini usimwache kijana bila tiba kwa kungoja bangi iishe. Mtibu, mshauri aache, na mtazame tena. Dalili zikibaki mwezi mzima baada ya kuacha, bangi peke yake haitoshi kuwa maelezo.

“Dawa zimemkaza”

Kijana, mara nyingi wa kiume, siku ya pili au ya tatu ya haloperidoli: shingo imepindia upande, macho yamegeukia juu, ulimi umetoka. Ana akili timamu na anaogopa. Familia inasema jini limekasirishwa na hospitali. Hii ni distonia. Prometazini miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli, au biperideni kama ipo, na ndani ya nusu saa hivi shingo inanyooka mbele ya macho ya mama yake. Usimruhusu kuondoka hapo bila maelezo, kwa sababu asipoelewa ni dawa, hatakunywa tena dawa yoyote. Kisha punguza haloperidoli na mpe benzheksoli miligramu 2 mara mbili kwa siku chache. Pepopunda ndiyo ya kuitenga: taya limebana, kuna kidonda, na mshtuko wa misuli unazidi kwa kelele au mguso.

Ila kama kukazwa kumekuja na homa, simama. Mkono mgumu kila upande unapoukunja, jasho, shinikizo linalopanda na kushuka, mapigo ya haraka, na fahamu zinazofifia kwa mtu anayetumia dawa za saikosisi: hii ni sumu ya dawa yenyewe kwenye neva, inaua, na huku kwetu inajificha nyuma ya malaria kali na homa ya uti wa mgongo. Acha dawa zote za saikosisi papo hapo. Mpe maji kwenye mshipa, mpoze mwili, tibu malaria kama ipo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usimrudishie dawa mpaka zipite angalau wiki mbili tangu apone, na kwa aliyechomwa sindano ya mwezi, yaani ile flufenazini, ngoja zaidi, kwa sababu ile dawa bado imo msulini na hakuna namna ya kuitoa.

Kwa sababu hiyohiyo sindano ya mwezi si dawa ya kumtuliza mtu anayefanya fujo leo. Anayeanza apewe kwanza kipimo kidogo, miligramu 12.5, baada ya kuonyesha kwamba dawa za aina hiyo za kunywa anazivumilia.

Kwa wavuvi na wakulima neno lingine. Klopromazini huifanya ngozi iungue juani na kichwa kizunguke mtu anapoinuka ghafla. Benzheksoli huzuia jasho. Mtu anayetumia zote mbili na kuokota korosho kuanzia asubuhi mwezi wa Novemba anaweza kuzidiwa na joto. Mwambie kofia, mikono mirefu, maji, na kivuli saa za mchana. Na benzheksoli usiiandike kwa mazoea kila unapoandika haloperidoli. Wapo wanaoitumia kulewa, na wengi hawaihitaji.

“Alipona kabisa, sasa imerudi”

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, na hapa ndipo dozi huongezwa bure kuliko popote. Mwambie aliyemleta arudi nyumbani, au apige simu mtu alete, mfuko wote wa dawa. Umwage mezani.

Siku moja nilimwaga mfuko wa rambo wa mama mmoja. Zilitoka haloperidoli za aina mbili zilizofanana kwa kila kitu isipokuwa maandishi, za miligramu 5 na za 1.5. Kadi ilisema “kidonge kimoja mara mbili kwa siku”. Zilipokwisha zile za 5, dirisha la dawa likampa zilizopo, na maelezo hayakubadilika. Kutoka miligramu 10 kwa siku alishuka hadi 3, akarudiwa na sauti, na mwenzangu mmoja akaandika kwamba ugonjwa umekuwa sugu. Tangu hapo naandika miligramu, sio vidonge tu, na namwomba mtoa dawa anieleze kila nguvu ya kidonge inapobadilika. Ni kazi ya sekunde kumi.

Hesabu vidonge vilivyobaki. Aliyepewa 60 wiki nne zilizopita na bado ana 41 hajashindwa na dawa, dawa imeshindwa kumfikia. Lakini usimgombeze. Uliza zinamfanyaje. Uzito wa ulimi, kushindwa tendo la ndoa, kusinzia shambani, mate kumtoka mbele ya watu, hizo ndizo sababu halisi, na kila moja ina dawa yake, mara nyingi ni kupunguza au kuhamishia dozi yote usiku. Risperidoni au olanzapini zikipatikana humfaa aliyechoshwa na kukazwa, ingawa olanzapini humnenepesha na kupandisha sukari, kwa hiyo pima.

Mwezi wa Ramadhani huku pwani uingie kwenye kalenda yako ya kliniki. Wiki mbili kabla, waulize wanaofunga watakunywaje dawa. Haloperidoli na amitriptilini zinakubali kumezwa mara moja usiku, baada ya futari. Fluoksetini imezwe wakati wa daku. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola (ugonjwa wa kupanda manyia na kushuka sonona), ashauriane na aliyemwanzishia kabla hajafunga, kwa kuwa upungufu wa maji hupandisha lithiamu kwenye damu hadi kiwango cha sumu. Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya mgongo hufanya vilevile. Kama kituo chako hakina njia ya kupima lithiamu na figo, usiianzishe hapo.

Kisha tafuta kama kuna dawa mpya aliyoongezewa. Kabamazepini, dawa ya kifafa na manyia, hujimaliza yenyewe: hulichochea ini kuivunja haraka zaidi, hivyo mgonjwa aliyetulia wiki mbili za kwanza anaweza kurudiwa wiki ya tatu au ya nne kwa dozi ileile. Hapo kuongeza ni sahihi. Lakini kabamazepini hiyohiyo, pamoja na fenobabitoni na rifampisini ya kifua kikuu, hushusha haloperidoli. Aliyekuwa mzima hadi alipoanza dawa za TB ndiye huyo, na TB ikiisha na rifampisini ikasimamishwa, haloperidoli itapanda tena, basi uwe tayari kuishusha. Isoniazidi nayo peke yake huweza kuleta saikosisi. Hakikisha anapata pairidoksini (vitamini B6).

Anayetumia dolutegraviri kwa VVU akiandikiwa kabamazepini, dolutegraviri inashuka. Dozi yake inapaswa kuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na CTC, kliniki yake ya VVU, wajulishwe kwa maandishi. Usimwachie mgonjwa abebe ujumbe huo kwa mdomo.

Na barabara. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam kuja kusini pale Somanga, kila mtu wa huku alikumbuka jinsi tunavyotegemea njia moja. Mgonjwa wa akili na wa kifafa apewe dawa za ziada kabla ya masika. Fenobabitoni ikikatika ghafla, huleta degedege lisilokoma.

“Ana mawazo, hali, halali”

Mtu hatasema sonona. Atasema mawazo, au moyo unaenda mbio, au kichwa kinawaka moto, au mwili wote unauma na vipimo havionyeshi kitu. Uliza mambo mawili: je, kwa wiki mbili au zaidi amekuwa na huzuni karibu siku nzima, na je, yale aliyoyapenda bado anayapenda? Mvuvi ambaye bahari imetulia na hataki kwenda kutazama hata nyavu zake, hiyo ni dalili.

Kabla ya dawa uliza kama aliwahi kuwa na siku nyingi za kutolala bila kuchoka, maneno mengi na matumizi ya ovyo. Mwenye baipola akipewa amitriptilini au fluoksetini peke yake anaweza kupanda manyia. Pima hemoglobini, na kwa mama aliyejifungua karibuni uliza kuhusu mtoto.

Ameanzishwa na hapati nafuu? Soma dozi. Amitriptilini miligramu 25 usiku ni dozi ya kuanzia, na ndiyo ambayo wengi hubaki nayo mwaka mzima. Hiyo husaidia usingizi na maumivu ya neva. Kwa sonona ya mtu mzima tunapanda hadi 75, na wengine 150, kwa hatua za kila wiki moja au mbili. Wazee, wenye ugonjwa wa moyo, presha ya jicho au tezi dume wapewe fluoksetini, miligramu 20 asubuhi. Soma pia tarehe: wiki nne hadi sita za dozi kamili ndizo zinazohukumu dawa, sio siku kumi. Akipona aendelee miezi 9 hadi 12, kisha aache taratibu.

Sasa hesabu ambayo naomba kila anayeandika amitriptilini aifanye mwenyewe mara moja. Miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya mwili zinaweza kuua. Kwa mtu wa kilo 50 hiyo ni miligramu 500 hadi 1,000, yaani vidonge 20 hadi 40 vya 25. Tukimpa mgonjwa wa miligramu 75 dawa ya mwezi, tumemkabidhi vidonge 90. Mwenye mawazo ya kufa apewe za wiki, na azitunze mke, kaka au mama. Uliza pia dawa ya korosho inakaa wapi. Kwenye nyumba nyingi chupa ya kuua wadudu iko chini ya kitanda kuanzia wakati wa kupulizia. Nimewahi kumwomba baba mmoja, mbele ya binti yake, aihamishie ile chupa kwa ndugu yake kijiji cha pili. Aliinuka palepale akapiga simu, binti akalia, na ndipo akaanza kusema ukweli wa miezi miwili.

Kuuliza kuhusu kujiua hakumpandikizi mtu wazo. Wengi wanaogopa polisi, kwa hiyo mwambie mapema kwamba unauliza ili umsaidie. Na akiletwa mtu aliyekunywa kitu, mboni ndogo kama ncha ya sindano, mate, jasho na kifua kilichojaa maji, hiyo ni sumu ya kuua wadudu, na atropini, dawa ya kuikabili, haingoji historia.

“Ana majini”

Mimi ni mtoto wa huku, na sijawahi kumwambia mgonjwa kwamba majini hayapo. Swali langu ni jingine, namuuliza mtu mzima wa familia: “Wazee wa kwenu, wakimwona anavyofanya, wanasema ni kawaida ya mwenye jini, au wanasema hili limezidi?” Kupanda kwenye ngoma, kusema kwa sauti nyingine nusu saa, kisha kurudi kuwa yeye na kupika chakula cha jioni, hilo si saikosisi na haloperidoli haina kazi hapo. Imani ambayo kijiji kizima wanayo si dalili. Lakini familia inayoamini uchawi kuliko wewe ikikwambia “hata sisi haya hatuyaelewi”, wasikilize.

Kifafa kijifichacho ni cha kutafuta hapa kuliko kingine: kutazama mahali pamoja, kutafuna bila chakula, kuvuta nguo, dakika moja au mbili, kisha kusahau. Mtoto wa namna hiyo amezunguka kwa waganga, na akianza fenobabitoni anaweza kuwa mtundu na mkali, mama arudi akisema dawa imemuongezea majini. Hapo badilisha dawa.

Wanawake

Mama aliyejifungua ndani ya wiki mbili, halali, anasema maneno yasiyoeleweka, leo mzima kesho hajulikani: ni dharura. Tafuta maambukizi ya uzazi, malaria, shinikizo na degedege la uzazi, usimwache peke yake na mtoto hata dakika moja, na mpeleke siku hiyohiyo.

Valproeti, dawa nyingine ya kifafa na manyia, usimwandikie msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba kama kuna njia nyingine. Karibu mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni wakati mama anaitumia huzaliwa na kasoro kubwa, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kabamazepini na fenobabitoni hudhoofisha vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba havidhuriki. Swali “unatumia njia gani?” liulizwe kabla kalamu haijagusa kadi.

Barua ya rufaa

Ukifika mwisho wa uwezo wako, mpeleke. Ila “mgonjwa wa akili, tafadhali msaidie” haimsaidii anayepokea usiku. Andika lini dalili zilianza na zilianzaje, kwa maneno ya ndugu. Andika sukari, joto, malaria, VVU, kaswende, hata kama vyote ni vizuri, na kama siku za wiki zilirudi nyuma. Andika kila dawa kwa miligramu, tarehe iliyoanza, tarehe iliyobadilishwa, na ilimfanya nini. Sindano ya mwezi iandikiwe tarehe na kiasi chake kwa wino mzito, kwa sababu atakayempokea anahitaji kujua dawa gani imo mwilini kabla hajaongeza nyingine. Namba ya simu ya bibi iwe chini, na jina la kumwita.